Kuzuru Xiamen na Kisiwa cha Gulangyu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza maswali haya tayari wana safari ya biashara au masomo kusini mwa China, na wanataka kuongeza siku tatu au nne za matembezi kabla ya kurudi nyumbani. Bei na saa zilizotajwa hapa hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo zithibitishe siku chache kabla ya kusafiri. Historia na mitaa haibadiliki haraka hivyo, na ndiyo iliyopewa nafasi kubwa zaidi katika majibu.

Xiamen ni mji gani, na kwa nini vitabu vya zamani vinauita Amoy?

Xiamen ni mji wa bandari katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, unaotazamana na Taiwan ng'ambo ya mlango wa bahari. Amoy ni jina lile lile kwa matamshi ya Kiminnan, lugha ya wenyeji wa kusini mwa Fujian, na ndivyo Wazungu waliokuja kununua chai walivyolisikia na kuliandika. Baada ya China kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Kasumba, Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 uliilazimisha kufungua bandari 5 kwa wafanyabiashara wa kigeni: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai.

Vipeperushi vya utalii hupenda kusimulia kipindi hicho kwa chai, hariri na majumba mazuri. Ukweli ni kwamba katika bandari hii pia walipakiwa vibarua wa mkataba, wengi wao kwa kuhadaiwa, kwenda kufanya kazi Cuba na Australia, na mwaka 1852 wakazi wa mji walizusha ghasia kubwa dhidi ya mawakala wa biashara hiyo. Wengine waliondoka kwa hiari yao kwenda Java, Luzon, Malaya na Singapore, na fedha walizotuma nyumbani zilijenga sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni anakuja kukitazama leo.

Kisiwa kinachozungumziwa ni kipi hasa? Si Xiamen yenyewe ni kisiwa?

Ni kweli kwamba katikati ya mji wa Xiamen ni kisiwa, ingawa mgeni anayeingia kwa treni anaweza asitambue, kwa sababu tangu mwaka 1955 kisiwa hicho kimeunganishwa na bara kwa tuta refu lililojazwa mawe, na baadaye yakaongezwa madaraja na njia za chini ya bahari. Kisiwa ambacho watu hukifungia safari ni Gulangyu, kilichoko magharibi mwa kile kikubwa, ng'ambo ya mkondo wa maji wenye upana wa mita 600 hivi. Ukubwa wake haufiki kilomita 2 za mraba. Jina lake linatokana na mwamba wenye tundu ulioko ufukweni: mawimbi yakiupiga, husikika kama ngoma, na "gu" ni ngoma, "lang" ni wimbi. Katika ramani za zamani za Kizungu utalikuta jina hilo limeandikwa Kulangsu.

Mwaka 2017 UNESCO ilikiingiza kisiwa hiki katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikihesabu majengo 931 ya kihistoria pamoja na bustani na mtandao wa njia zake za kale.

Ni nani aliyejenga majumba yale? Ni Wazungu?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake huwashangaza wengi. Wageni walianza kujenga baada ya 1842: ofisi za ubalozi, makanisa, shule, hospitali na nyumba za wafanyabiashara. Mwaka 1902 kisiwa kizima kilitangazwa kuwa makazi ya kimataifa, na mwaka uliofuata likaanza kazi baraza la manispaa lililokuwa na wajumbe wa mataifa mbalimbali, likisimamia barabara, usafi na polisi. Lakini nyumba kubwa na za kifahari zaidi, zile ambazo wapiga picha huziendea, nyingi zilijengwa na Wachina wenyewe, hasa waliotajirika ughaibuni wakarudi katika miaka ya 1910 na 1920, wakakikuta kisiwa chenye amani kuliko bara lililokuwa likisumbuliwa na vita vya makabaila wa kijeshi.

Mfano unaosimuliwa zaidi ni wa Huang Yizhu. Alizaliwa mwaka 1868 katika wilaya ya Nan'an, akaanza maisha kwa kunyoa watu nywele, akavuka bahari akiwa kijana, na huko Semarang katika kisiwa cha Java akawa mfanyabiashara mkubwa wa sukari. Aliporudi mwaka 1919 alikaa Gulangyu, akashiriki kuanzisha benki Shanghai mwaka 1921, na akatia fedha zake katika kampuni za maji na simu za Xiamen. Mwenzake Lin Erjia alikuja kwa njia nyingine: familia yake tajiri iliondoka Taiwan mwaka 1895, baada ya kisiwa hicho kukabidhiwa Japani, na mwaka 1913 akajenga bustani ya Shuzhuang ufukweni mwa Gulangyu.

Ndiyo maana ukizitazama nyumba hizi kwa makini utaona mambo yasiyotarajiwa kukaa pamoja. Baraza pana la mbele ni la nyumba za Wazungu wa nchi za joto. Matofali ni yale mekundu ya Fujian. Paa huenda limepindwa pembe kama la hekalu. Na juu ya lango la nguzo za Kigiriki kumeandikwa maneno ya Kichina ya kuitakia familia heri. Wataalamu wameupa mtindo uliozaliwa hapo jina la Amoy Deco. Msomaji ambaye kijijini kwao kuna nyumba ya ghorofa iliyojengwa na mtu aliyeko Ulaya au Ghuba, yenye nguzo ambazo hakuna jirani mwingine aliyewahi kuzifikiria, atawaelewa wajenzi hawa bila kuhitaji mwongoza watalii.

Nivuke vipi kwenda Gulangyu, na tiketi hukatwa wapi?

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo jibu linahitaji utulivu. Mkabala na barabara ya Zhongshan, katikati ya mji wa kale, kuna gati liitwalo Lundu, na kutoka hapo kisiwa kinaonekana karibu kiasi kwamba unaweza kuhesabu madirisha. Usijipange hapo mchana. Tangu Oktoba 2014 gati hilo ni la wakazi kwa saa za mchana, na watalii hupelekwa kwenye kituo cha meli za kitalii kilichoko Dongdu, kaskazini zaidi, ambako feri huchukua kama dakika 20. Jioni, kuanzia mnamo saa kumi na mbili hivi kutegemea majira, Lundu huruhusu watalii pia, na uvukaji huwa wa dakika chache tu. Anayetoka Kigamboni au Likoni ataona feri hizi ni ndogo na hazibebi magari, ila msukumano wa siku za sikukuu utamkumbusha nyumbani.

Tiketi hukatwa kwa jina la abiria na namba ya pasipoti, nayo huonyesha saa ya kuondoka. Nauli ya kwenda na kurudi ya daraja la kawaida imekuwa yuan 35. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa kisiwani kwa siku imewekewa kikomo cha 50,000, na katika wiki za sikukuu tiketi za asubuhi huisha siku kadhaa kabla. Ni heri kukata mapema kwa simu, au kumwomba mtu wa mapokezi hotelini akukatie, kuliko kufika dirishani na kuambiwa nafasi iliyobaki ni ya alasiri. Chukua pasipoti yenyewe, kwa kuwa nakala au picha ya kwenye simu inaweza kukataliwa.

Upande wa Gulangyu watalii hushukia Sanqiutian au Neicuo'ao. Sanqiutian iko karibu na maduka na huwa na umati. Neicuo'ao iko upande wa pili, penye ukimya, na anayeshukia huko hupata nusu saa ya kwanza ya matembezi bila kusukumana na mtu. Wakati wa kurudi, kabla hujapanda, hakikisha chombo kinaelekea gati unalolitaka.

Jambo dogo kuhusu saa: tiketi ikionyesha 18:10, hiyo ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni kwa hesabu yetu, na China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5.

Siku moja inatosha, au nilale kisiwani?

Kwa maoni ya mwandishi, lala angalau usiku mmoja, hata kama nyumba za wageni za kisiwani ni ghali kidogo kuliko za mjini. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri barabara ya Longtou hujaa makundi yanayofuata bendera za waongoza watalii, na kila duka la tatu linauza vitafunwa vile vile. Saa moja jioni feri zikishawachukua, unabaki na mitaa ya mawe, mibaniani iliyoning'iniza mizizi juu ya kuta, paka, na wazee wanaokaa nje kwa viti vya mianzi. Alfajiri ni bora zaidi, kabla ya chombo cha kwanza kutoka Dongdu, wakati wanaofungua milango ni wauza samaki na watu wa mazoezi.

Unapokodi chumba, uliza waziwazi kama nyumba hiyo inapokea wageni wenye pasipoti za kigeni na kama itakuandikisha kwa polisi. Hoteli hufanya uandikishaji huo yenyewe. Ukikaa kwa rafiki, ni wajibu wako kwenda kujiandikisha ndani ya saa 24.

Ni kweli hakuna magari? Mizigo na wazee watafanyaje?

Ni kweli, na baiskeli nazo haziruhusiwi. Lamu ina punda. Gulangyu ina mikokoteni. Kila kreti ya soda, kila mfuko wa saruji na kila jokofu la nyumba ya wageni husogezwa kwa mkono. Ukisimama asubuhi kwenye mojawapo ya miteremko inayopanda kutoka gatini, utamwona mwanamume ameinama mbele, mkanda wa kamba umemkaa begani, mkokoteni umejaa magunia nyuma yake, na mwenzake anasukuma huku akiwapigia watalii kelele wapishe. Wapishe upesi, kwa sababu mzigo ule ukishasimama katikati ya mlima, kuuanzisha tena ni taabu.

Wapagazi wa gatini hubeba pia masanduku ya wageni kwa malipo ya kukubaliana kabla. Begi la magurudumu halikufai kwenye ngazi nyingi za kisiwa hiki. Kwa wazee na wasioweza kutembea sana, kuna magari madogo ya umeme yanayozunguka kwa njia ya pembezoni mwa bahari, lakini hayaingii mitaa ya ndani, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu atakwama katika sehemu nyingi.

Kama nina siku moja tu kisiwani, nianzie wapi?

Anzia Mwamba wa Jua, Riguangyan, wenye kimo cha mita 92.7 juu ya bahari, na uupande mapema kabla ya foleni ya ngazi za juu. Ukiwa kileleni unaona mambo mawili kwa mara moja: mapaa mekundu ya kisiwa chini ya miti, na maghorofa ya vioo ya Xiamen ng'ambo. Hapa ndipo jemadari Zheng Chenggong, ambaye Wazungu humwita Koxinga, aliweka kambi yake katika karne ya 17, kabla ya kuvuka na majeshi yake mwaka 1661 kwenda kuwatoa Waholanzi Taiwan, waliosalimu amri mwaka 1662. Sanamu yake ya mawe yenye kimo cha mita 15.7, iliyosimamishwa mwaka 1985, inaitazama bahari kutoka pembe ya kusini-mashariki ya kisiwa.

Kutoka hapo teremka hadi Shuzhuang. Usiharakishe langoni. Unapoingia, ukuta umeziba kila kitu. Unasikia mawimbi lakini huoni maji, na unaweza kudhani umeingia bustani ya kawaida ya nyumbani. Unapinda kona moja, unapita chini ya tao, na bahari yote inakufungukia mbele kwa ghafla, daraja la mawe likiwa limejikunja juu ya maji kama mkia wa nyoka. Lin Erjia alilipanga jambo hilo kwa makusudi, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado linawashika watu pumzi.

Muda ukibaki, pita kwenye nyumba ya Bagua yenye kuba jekundu, ile inayoonekana kwanza ukiwa kwenye feri. Michoro yake ya mwaka 1907 ilitengenezwa na John Abraham Otte, daktari mmishonari kutoka Marekani aliyeanzisha hospitali kisiwani mwaka 1898 na kufariki mwaka 1910 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa. Tembelea pia bustani ya kumbukumbu ya Lin Qiaozhi, mzaliwa wa kisiwa wa mwaka 1901 ambaye alikuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi huko Beijing, na ambaye huhesabiwa kuwa aliwazalisha akina mama zaidi ya watoto 50,000. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa wala kuzaa.

Kwa nini kinaitwa kisiwa cha piano?

Piano na vinanda vya kanisani viliingia na wamishonari, vikatoka makanisani na shuleni, vikaingia sebuleni mwa familia za Kichina zilizokuwa na uwezo. Baada ya vizazi viwili watoto wa kisiwani walikuwa wakijifunza piano kama watoto wa kwingine wanavyojifunza kuogelea. Yin Chengzong, aliyezaliwa hapa mwaka 1941, alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Tchaikovsky huko Moscow mwaka 1962. Jumba la makumbusho ya piano ndani ya bustani ya Shuzhuang lilifunguliwa mwaka 2000 kwa mkusanyo wa Hu Youyi, mzaliwa wa kisiwa aliyehamia Australia, na Bagua imegeuzwa makumbusho ya vinanda vya kanisani. Wanaotarajia kusikia muziki ukitiririka kutoka kila dirisha watavunjika moyo kidogo. Wenyeji wengi wamehamia mjini, na muziki unaosikika mchana ni wa vipaza sauti. Jioni, hata hivyo, hutokea ukasikia mtoto akirudia mazoezi yale yale nyuma ya ukuta.

Nahitaji viza na chanjo?

Wenye pasipoti za kawaida za Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza kabla ya kusafiri, na ya utalii ni ile ya herufi L. Wasomaji wa Kiswahili wenye uraia wa nchi za Ghuba, Ulaya au Marekani Kaskazini wawaulize maofisa wa ubalozi wa China walioko karibu nao, maana masharti ya msamaha wa viza yamekuwa yakibadilika. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kuikosa kunaweza kukuchelewesha uwanjani, hasa ikiwa umetokea au umepitia nchi yenye ugonjwa huo.

Njia rahisi ya kufika ni ipi?

Wasafiri wengi wa kwetu hutua Guangzhou, ambako Air Tanzania na Kenya Airways zimekuwa zikienda. Kutoka huko, au kutoka Shenzhen, panda treni ya mwendokasi. Shenzhen hadi Xiamen ni kama saa tatu na nusu. Angalia jina la kituo kwenye tiketi. Kituo cha Xiamen kiko katikati ya mji, na Xiamen Kaskazini kiko bara, katika wilaya ya Jimei. Ukishukia Kaskazini usisikitike: treni ya mjini ya njia namba 1, inayokuleta kisiwani, hupita juu ya bahari kando ya tuta la 1955, na kwa nauli ya yuan chache unapata mandhari ambayo wengine huilipia boti. Mji una pia mabasi yaendayo haraka yanayopita juu ya nguzo kwa njia zao wenyewe, mtindo ambao mkazi wa Dar es Salaam hatahitaji kuelezwa sana.

Niende mwezi gani?

Oktoba hadi Desemba, ukiacha wiki ya kwanza ya Oktoba. Joto limepungua, anga ni safi na mvua ni chache. Machi na Aprili huwa na ukungu ambao husimamisha feri, na Julai hadi Septemba ni msimu wa vimbunga. Kimbunga Meranti kiliupiga mji huu usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2016 na kung'oa miti kwa maelfu. Kwa hali yoyote epuka tarehe 1 hadi 7 Oktoba, sikukuu ya Mei Mosi, na Mwaka Mpya wa Kichina.

Nitalipaje, na simu yangu itafanya kazi?

Pakua Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard, na uijaribu mara utakapotua. Hata muuza karanga ana karatasi yenye msimbo wa QR. Fedha taslimu ni halali na hupokelewa, ila chenji huwa shida. WhatsApp, Facebook na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Laini ya nyumbani yenye huduma ya kuvuka mipaka kwa kawaida huzifungua, japo kwa gharama. Waambie wa nyumbani mapema, wasije wakadhani umepotea.

Mwislamu, au mtu asiyekula nguruwe, atakula nini?

Atakula vizuri akijua mitego iko wapi. Tambi za shacha, chakula ambacho kila mtu wa Xiamen atakusifia, zina mchuzi wa karanga, kamba waliokaushwa na viungo, ladha iliyorudi na wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu wa ile sosi ya karanga inayomwagiwa mishikaki huko. Lakini unachagua vya kutia juu, na vingi ni nyama ya nguruwe, na supu yenyewe huenda ilichemshwa kwa mifupa yake. Mikate midogo iliyojazwa maharage inayouzwa kama zawadi ya Gulangyu, kwa mapishi ya kale, hutiwa mafuta ya nguruwe. Mikate ya hekalu la Nanputuo haina, kwa sababu watawa wa Kibudha hawali nyama, na hekalu lina mgahawa wa mboga unaofaa kwa kila mtu.

Maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono, yanayoendeshwa na Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, yako katika mitaa mingi. Tafuta alama za 清真, yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Kimanda cha chaza kwa unga wa viazi ni kitamu sana kikiwa cha moto, lakini uliza kimekaangwa kwa mafuta gani. Ama ile jeli yenye kung'aa inayoitwa tusundong, ujue kabla hujafungua mdomo kwamba vilivyomo ndani ni minyoo wa baharini.

Kuhusu chai: ni kweli neno lake lilitoka hapa?

Kwa Wazungu wa magharibi, ndiyo. Kwa Kiminnan jani hili huitwa "te", na Waholanzi waliolinunua kwa watu wa Fujian walilibeba pamoja na jina, likaenea Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Sisi tulilipata kwa njia nyingine: "cha" ya maeneo mengine ya China ilipita nchi kavu hadi Uajemi, ikawa "chay", ikashuka hadi pwani yetu ikiwa "chai".

Chai ya hapa ni Tieguanyin, kutoka milima ya Anxi. Ukikaribishwa dukani, mwenyeji atamimina maji ya moto juu ya majani, atayamwaga maji hayo ya kwanza bila kukupa, kisha atakujazia kikombe kidogo kama cha kahawa chungu ya barazani. Hakuna maziwa wala sukari. Kila ukimaliza atajaza tena, majani yale yale mara sita au saba, na harufu hubadilika kila mara. Hulazimiki kununua, ila ukishakunywa vikombe vinane vya mtu ni vigumu kuondoka mikono mitupu, naye analijua hilo.

Mjini Xiamen penyewe kuna nini?

Tembea barabara ya Zhongshan chini ya vibaraza vyake vilivyofunikwa, kisha uingie vichochoro vya pembeni penye soko la samaki. Chuo Kikuu cha Xiamen, kilichoanzishwa mwaka 1921 na Tan Kah Kee aliyetajirikia mpira huko Singapore, kina majengo ya mawe yenye paa za Kichina, lakini kuingia huhitaji kuomba nafasi mapema. Hekalu la Nanputuo liko jirani. Ngome ya Hulishan ina mzinga mkubwa wa kampuni ya Kijerumani ya Krupp, wa mwisho wa karne ya 19, unaofurahisha watoto.

Nikiwa Xiamen naweza kuvuka kwenda Jinmen?

Visiwa vya Jinmen vinatawaliwa na Taiwan na feri kutoka gati la Wutong hufika kwa nusu saa hivi. Unahitaji kibali cha kuingia Taiwan, na kuvuka huko kunahesabiwa kuwa umetoka China. Mwenye viza ya kuingia mara moja hataweza kurudi Xiamen kuchukua mizigo yake.

Nikiwa na siku ya ziada, niende nyumba za duara za tulou au Quanzhou?

Watu wengi huchagua tulou, ngome za udongo za familia zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, nazo zinastahili safari ya saa mbili na nusu au tatu za barabara. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, jibu ni Quanzhou, nusu saa kwa treni.

Quanzhou ndiyo Zaitun ya mabaharia Waarabu, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2021. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kwamba katika miaka ya 1340 alitua Zaitun na kukuta humo majahazi makubwa yapatayo 100. Msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009, bado una lango lake refu la mawe na kuta za ukumbi usio na paa, aya za Kurani zikiwa zimechongwa juu yake kwa hati ya Kiarabu. Nje ya mji, kwenye kilima cha Lingshan, kuna makaburi ya Waislamu wa kale na bamba la mawe linaloeleza kwamba mwaka 1417 Zheng He, jemadari wa merikebu za China, alikuja hapo kufukiza ubani akiwa njiani kwenda Hormuz. Hiyo ilikuwa safari yake ya tano, ile ambayo merikebu zake zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Aliyewahi kuyaona mabakuli ya kaure ya China yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi atasimama mbele ya bamba hilo muda mrefu kuliko alivyopanga. Nenda asubuhi, na uvae nguo za heshima, kwa kuwa msikitini bado husaliwa.

Mtu mweusi atatazamwa sana?

Xiamen ina wanafunzi wa kigeni, wakiwamo Waafrika, kwa hiyo mjini hutashangaza wengi. Gulangyu hupokea watalii kutoka vijiji vya mbali vya China, na baadhi yao wataomba kupiga picha nawe, au watapiga bila kuomba. Mara nyingi ni udadisi tu usio na ubaya. Ukikataa kwa tabasamu na kupunga mkono, wataelewa. Na mtu akikuuliza unatoka wapi, taja "Tansangniya" au "Kenniya", ndivyo nchi hizo zinavyotamkwa kwa Kichina.